Babu Aliyechapishwa

Siku tuliyokwenda Al Amerat kumwangalia msichana ambaye mwanangu alimpenda, mama yangu alimkuta baba yake mzazi ametundikwa kwenye ukuta wa watu.

Nasema baba yake kwa kuwa ndivyo tulivyoamini sote tangu nianze kupata akili. Picha ile ile tunayo nyumbani kwetu Bawshar, hapa Muscat, juu ya kochi ambalo mama hapendi likaliwe na mtu mwingine. Ni askari aliyevaa kofia pana iliyokunjwa ukingo wa upande mmoja, kidevu kakiinua, bunduki begani, na nyuma yake msitu. Kivuli cha kofia kimemfunika nusu ya uso. Nusu iliyobaki ni ya mwanamme mzuri sana.

Babu alipigana Burma, katika jeshi la Waingereza. Alivuka mto kwa kuogelea huku kambeba mgongoni ofisa wa Kizungu aliyejeruhiwa, risasi zikimpita masikioni. Hadithi hii nililelewa nayo. Mwanangu aliisimulia shuleni kwa Kiarabu alipokuwa darasa la nne na mwalimu akamtaka aisimulie tena mbele ya shule nzima. Mama mwenyewe alifiwa na baba yake huko Unguja akiwa na miaka minne, kwa hiyo hamjui ila kwa picha hiyo. Kila asubuhi akitoka chumbani humwamkia kabla hajatuamkia sisi.

Basi kule Al Amerat tulipokewa vizuri. Mama wa msichana ni mtu mnene, mtaratibu, na wao pia ni watu wa Unguja waliohamia huku, kwa hiyo tulikaa tukizungumza Kiswahili, tukitia Kiarabu pale tulipokosa neno au tulipotaka kujifanya wakubwa. Halua ililetwa, na sambusa, na kahawa. Msichana alipita mara mbili na trei, mtulivu, macho makini. Nilimpenda. Mama naye nilimwona kampenda, kwa sababu alianza kumsema vibaya mwanangu, jambo ambalo hulifanya pale tu anapotaka kuonekana mkweli.

Akaomba kunawa mikono. Mwenyeji akamtangulia ukumbini, nami nikafuata nyuma. Mama akasimama ghafla.

"Huyu nani?"

"Huyo marehemu baba mkwe wangu," akasema mwenyeji. "Alipigana Burma."

"Burma," akasema mama.

"Naam. Aliwateka Wajapani saba peke yake, mkono mmoja umevunjika."

Mama aliisogelea picha. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Kofia, kidevu, bunduki, msitu.

"Kwetu alivuka mto," akasema.

Mwenyeji hakufahamu, akatabasamu kwa heshima. Mama alinawa mikono, akarudi kuketi, akakataa kahawa, na baada ya dakika tano akasema kichwa kinamuuma.

Njiani kurudi upande wetu, tulipofika kileleni mwa mlima, mama akasema:

"Baba alikuwa na nyumba ya pili."

"Mama, kwa wakati gani? Kafa ungali mdogo."

"Wanaume hawakosi wakati." Akahesabu kwa vidole. "Ikiwa mkwe wa yule bibi ndiye baba yangu, basi mumewe ni ndugu yangu. Yule msichana ni mtoto wa kaka yangu."

"Si haramu yeye kuolewa na mwanangu."

"Haramu si haramu, mie siendi kuposa nyumbani kwa mke mwenza wa mama yangu."

Nikamwambia labda kuna maelezo mengine. Akaniuliza maelezo gani. Nyumbani mwanangu alikuwa akitungoja mlangoni, na alipoelezwa alikaa chini kwenye kizingiti.

"Bibi," akasema, "mie nnampenda msichana. Picha sikuipenda."

"Basi mtafute msichana ambaye kwao hawana picha," akajibu mama, akaenda zake kuswali.

Kesho yake asubuhi mama alipokwenda kufanyiwa mazoezi ya goti, nilipanda kwenye stuli kuishusha fremu. Mpishi wetu alinishikia stuli. Ni Mganda, mwanamke wa umri wa miaka arobaini kasoro, Mkristo, amekaa nasi mwaka wa nne, na si mtu wa kusema ovyo.

"Madam," akasema, "huyu babu amechapishwa."

"Amefanywaje?"

"Amechapishwa kwa mashine. Mimi nikimfuta vumbi naona nukta nukta. Kama gazeti."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema kwa nani? Mama anamsalimia kila siku."

Tuliiweka fremu juu ya meza ya jikoni, akanipa kisu cha kukatia vitunguu, nikang'oa misumari midogo ya nyuma. Karatasi ya kahawia iliyoizunguka picha ndani ya fremu ilipotoka, picha ikaendelea kwenda chini. Chini ya viatu vya askari kulikuwa na maandishi makubwa ya Kiswahili. Yaliwaambia watu kwamba askari huyu anapigana kwa ajili yao, kwa hiyo nao wamsaidie kwa kupanda muhogo kwa wingi na kuacha kueneza uvumi. Kwenye pembe, kwa herufi ndogo, ilielezwa kwamba tangazo limechapishwa kwa amri ya serikali.

Nilikaa. Mpishi aliyasoma mara mbili.

"Babu yangu mimi ndiye alienda Burma," akasema. "Kweli kweli. Alitoka kwetu na wanaume wengi, wengine hawakurudi."

"Alisimulia nini?"

"Mvua. Alisema mvua na ruba. Alibeba masanduku kichwani, akaharisha miezi miwili, vita ikaisha, akarudi."

"Hakuvuka mto?"

"Alivuka. Kwa daraja."

Nikamuuliza kama wana picha yake. Akasema hawana, nani angempiga picha mtu anayeharisha. Nikayapiga picha maandishi kwa simu, halafu akanisaidia kurudisha misumari, maana gari la mama lilikuwa linaingia.

Kwa siku kadhaa nilikaa na siri hiyo. Kazi yangu ni kufasiri vijitabu vya maelezo ya viyoyozi na mashine za kufulia, kutoka Kiingereza kwenda Kiarabu, katika ofisi moja ya Khuwair ya Kusini. Kwa hiyo maandishi yanayoahidi makubwa si mageni kwangu. Lakini hili tangazo la Waingereza lilinishika. Saa za chakula cha mchana nikawa nasoma juu ya propaganda yao, mkate mkono mmoja.

Nilisoma kwamba Vita vya Kwanza vilipoanza, jambo la mwanzo kabisa walilolifanya Waingereza lilikuwa kukata nyaya za Wajerumani zilizopita chini ya bahari, ili habari za kwenda Marekani zipite kwao. Halafu wakawakusanya kwa siri waandishi wao wakubwa wawaandikie vitabu. Vitabu vilitoka bila kutaja serikali, utadhani kila mwandishi kaamka tu asubuhi akajikuta anamchukia Mjerumani. Waliyoyasema juu ya ukatili wa adui, mengine yalikuwa kweli na mengine yamepikwa. Baada ya vita yaliyopikwa yakajulikana, na vilipokuja vita vya pili watu wakasita kuamini hata yale ya kweli. Hapo niliweka mkate chini.

Katika vita vya pili walikuwa na wizara nzima ya habari. Walikuwa pia na redio iliyojifanya ya Wajerumani, mtangazaji akiwatukana wakubwa kwa Kijerumani safi na matusi ya kambini, kumbe yuko Uingereza na chai yake mezani. Na amani iliporudi hawakufunga duka. Waliunda idara ya siri ya kupenyeza habari magazetini, Afrika, Asia na huku kwetu Arabuni. Nyingi zilikuwa za kweli, ila zimechaguliwa. Ni kama mtu anayekutembeza nyumbani kwake akakupitisha vyumba vilivyofagiwa tu.

Makoloni hawakuyasahau. Wajapani walipoichukua Burma, mchele wa kule ukakatika, na Unguja ilikuwa ikila mchele huo. Ndipo muhogo ukawa kitu cha kupiganiwa, na askari mzuri akatafutwa wa kuusemea.

Kulijua hilo hakukunisaidia kumwambia mama. Nilimwendea kwanza dada yake, mama mkubwa, ambaye anakaa na mwanawe mtaa wa tatu kutoka ofisini kwangu. Ana miaka themanini na saba na sikio moja halisikii, nalo hubadilika kulingana na mazungumzo. Nilimwonyesha kwenye simu maandishi ya muhogo. Aliyasoma, akaanza kucheka mpaka shela ikamdondoka.

"Nimeyasahau haya maneno."

"Mama mkubwa, babu alikwenda Burma?"

"Babu yako hajapata kufika hata Pemba. Akitapika melini."

"Sasa wakati wa vita alikuwa akifanya nini?"

"Akibandika. Waingereza wakileta mapicha yao, yeye ndiye mwenye ndoo ya gundi na brashi. Anabandika sokoni, anabandika Ng'ambo, kila ukuta. Asubuhi anabandika, jioni mbuzi wamekwisha kula, kwa sababu gundi yenyewe ya unga wa ngano. Baba akiwachukia mbuzi kuliko Wajapani."

Nikamuuliza hii yetu imefikaje kwenye fremu.

"Zilibaki nyingi, akaleta nyumbani za kufungia vitu. Mama akaiona hii. Akasema, hebu mtazameni huyu. Akaipeleka kwa seremala ikatiwa kioo, na maneno akamwambia ayafiche, kwa sababu muhogo yeye hakuutaka, alimtaka askari."

"Na babu?"

"Kanuna. Siku tatu hali nyumbani. Anasema, mji mzima nimewabandika wanaume hawa, na mmoja kanifuata mpaka chumbani."

Nilicheka naye. Kisha nikauliza lile nililoliendea: nani basi aliyesema kwamba askari huyo ndiye babu. Sikio likawa halisikii. Nikauliza tena kwa upande wa pili.

"Mie," akasema.

Akaivuta shela, akaipanga vizuri kichwani kabla ya kuendelea.

"Mama yako alikuwa na miaka minne. Baba kafa, na mtoto kila jioni anasimama mlangoni anamngoja. Picha ya baba hatukuwa nayo hata moja. Mama yetu hasemi, hali. Nikambeba yule mtoto nikamwonyesha ukutani, nikamwambia, baba yako huyo, kenda vitani. Akanyamaza, akalala. Kesho yake akaniuliza, huko vitani kafanya nini? Nikamwambia kidogo. Keshokutwa akataka zaidi. N'nakwambia, yule mtoto alikuwa hashibi."

"Na ule mto?"

"Mto nimeutoa kwenye senema. Lilikuwa likija gari la serikali, wanatandika shuka jeupe uwanjani, wanatuonyesha vita vyao na namna ya kuua mbu."

"Na yule Mzungu mgongoni?"

"Mzungu nimemtia mie. Kwenye senema alikuwa sanduku la risasi."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mama alipokuwa mtu mzima. Akasema alikusudia kumwambia akiolewa. Alipoolewa akaona angoje azae. Kisha wakahamia Muscat, na mzigo wa kwanza mama alioufungua ulikuwa ule wa picha. "Sasa ningeanzia wapi?" akaniuliza.

Nilimwambia mama siku hiyo hiyo, alasiri, akiwa jikoni anachagua dengu. Nilimweleza yote. Gundi, mbuzi, seremala, senema. Mpishi alikuwa akiosha vyombo, na nilimsikia kafunga bomba ili asikose neno. Mama hakuinua kichwa. Alizitoa dengu mbovu moja moja mpaka nilipomaliza.

"Kwa hiyo hakuwa na nyumba ya pili," akasema.

"Hakuwa."

"Alhamdulillahi."

Akachagua nyingine tatu nne.

"Miaka sabini naamkia muhogo," akasema, akainuka akaenda chumbani kwake, akafunga mlango.

Mwanangu aliporudi kazini alitaka kugonga, nikamzuia. Mpishi alipika dengu, akamwekea sahani yake kando na kuifunika. Jua lilikuwa linakuchwa mama alipotoka, uso kaunawa, akaniambia nimpigie dada yake. Nikampa simu.

"Wewe mwongo," akamwambia. Akasikiliza. "Mwongo mkubwa." Nikaona anafuta macho kwa ncha ya shela. "Haya, nimekusikia. Sasa niambie, sura yake ilikuwaje?"

Nikatoka nje nikawaacha.

Mama mwenyewe ndiye aliyetaka turudi Al Amerat, na alitaka kwenda na karatasi yenyewe, imetolewa kwenye fremu na kukunjwa. Nilimwomba awe mpole. Akasema yeye hana ugomvi na mtu, anataka tu ukweli ujulikane kabla watoto hawajaoana, wasije wakazaa kizazi kizima cha mashujaa. Safari hii bwana wa nyumba alikuwepo. Ni mwanajeshi mstaafu, mwembamba, mcheshi, na alitukaribisha mwenyewe.

Mama aliikunjua karatasi juu ya meza, katikati ya halua na kahawa. Bwana aliyasoma maandishi, akatazama ukumbini palipotundikwa baba yake, akacheka.

"Yetu maneno yake yalikuwa mengine," akasema. "Yetu ilikuwa inakataza kuficha mchele."

Mkewe aliyekuwa akimimina kahawa alisimama. "Ulijua?"

"Nnajua tangu nilipokuwa jeshini," akasema. Akamgeukia mama, nadhani alihisi huko kuna usalama zaidi. "Bibi, karatasi kama hizi nimezitupa mwenyewe. Vita vya kusini, vya milimani, miaka ya sabini. Ofisa wa Kiingereza anaandika, mfasiri anatia Kiarabu, sisi tunapanda ndege tunazimwaga kwa wapiganaji wa upande wa pili, waambiwe wajisalimishe watatendewa wema. Mara nyingi upepo ulizichukua zikaenda baharini. Samaki wa upande ule wote walikwisha jisalimisha. Siku moja bunda halikufunguka, likashuka zima zima likapiga sufuria la mama mmoja mchunga mbuzi, na ndani mna wali. Tulirudi kumwomba radhi. Akatwambia hajui kusoma, lakini khabari imemfikia."

Mama alicheka, na mimi pia. Mkewe hakucheka.

"Miaka thelathini namsomea khitma," akasema taratibu. "Namwambia kila mgeni Wajapani saba. Na wewe umekaa hapo, unanisikiliza."

"Walikuwa watatu," akasema bwana. "Mama yangu aliongeza. Na baba alikuwa karani wa karafuu. Khitma imemfikia, usiwe na shaka, karani naye ni maiti."

Mwenyeji aliweka birika chini, akaenda kukaa kwenye kochi letu, baina ya mama na mimi, na kuanzia hapo mambo yalikwenda yenyewe. Mama alimshika mkono. Akamweleza ya dada yake, ya mbuzi, ya Mzungu aliyekuwa sanduku la risasi. Mwenyeji akaeleza jinsi alivyowahi kumkatalia mumewe safari fulani kwa kumwambia baba yake angeona aibu. Walikubaliana kwamba Waingereza ni watu wa khatari, lakini wanaume wanaojua jambo na kunyamaza ni khatari zaidi. Bwana alikaa kwenye kiti chake akila halua kimya kimya. Ilipofika wakati wa kutaja lile lililotupeleka, mama wa msichana alikubali kabla sijamaliza sentensi, bila hata kumtazama mumewe.

Wameoana baada ya Idi. Wanakaa Al Amerat, karibu na kwao msichana, na mwanangu hulalamika kila siku juu ya foleni ya mlimani wakati wa kwenda kazini. Hadithi ya mto ameikana mbele ya wenzake wa shule ya zamani, katika kundi lao la simu. Hawakumwamini. Wameambizana kwamba anajishusha kwa unyenyekevu.

Nyumbani mama amemhoji mpishi juu ya Burma mpaka mpishi ikambidi ampigie mjomba wake kijijini apate mengine ya kusema. Yaliyokuja ni juu ya viatu vilivyooza miguuni na rafiki wa babu yake aliyezikwa kando ya njia wakati wa mvua. Mama aliuliza jina la huyo rafiki. Mjomba hakulijua, na mama alikasirika siku nzima, kama kwamba kosa lilikuwa la mjomba.

Alhamisi nampeleka kwa dada yake. Hukaa wawili kitandani, mlango wazi, na mama mkubwa humweleza baba yao: jinsi alivyopiga mluzi akibandika, jinsi alivyoogopa ng'ombe, jinsi alivyonukia unga. Mimi hukaa kwenye kiti karibu na dirisha. Kuna siku babu huwa mrefu, kuna siku huwa wa kimo cha kawaida, na mama humkatiza dada yake na kumrudisha nyuma kama hakimu, anataka kauli moja. Wiki iliyopita wamekubaliana kuhusu pua. Macho bado.